Vigelegele kwa Uvimbe Mdogo

Siku mume wangu alipoambiwa ana saratani ya ini, nilipiga vigelegele. Naanza na hilo kabisa, kwa sababu mtaani kwetu Msalato habari ilifika kabla sisi wenyewe hatujashuka kwenye bajaji, na kila aliyeipokea aliitia chumvi yake. Wapo wanaosema nilicheza. Wapo wanaosema nilimkumbatia daktari. Sikucheza mimi. Nilipiga vigelegele tu, virefu, kwenye korido ya hospitali, mbele ya wagonjwa wa watu, na nikiambiwa nirudie leo nitarudia. Ngoja nieleze ilivyokuwa, ili anayetaka kunicheka anicheke akijua anachocheka.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Sauti yangu inasikika mpaka barabarani, na furaha ikinishika siwezi kuificha. Hasira pia siwezi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Tangu uwanja mpya wa ndege uanze kujengwa huku kwetu, kila mwenye kiwanja anataka nyumba, kila mwenye nyumba anataka geti, na kila anayetaka geti analitaka kesho. Asubuhi mpaka jioni ni cheche na kelele za chuma. Yeye mwenyewe hana kelele. Ukimuuliza swali Jumatatu, usishangae kujibiwa Jumatano.

Sote wawili tunaishi na virusi vya UKIMWI, na hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Tulikutana tukiwa navyo tayari, kwenye benchi la kliniki, kila mtu amekuja kuchukua dawa zake. Alikuwa amekaa katikati ya benchi, kofia ameishusha mpaka puani, anajifanya amelala ili asijulikane. Nikamwambia, "Kaka, sogea, benchi lenyewe si la urithi." Akasogea. Siku nyingine ya dawa nikamkuta amenishikia nafasi, na kofia iko mkononi. Ndivyo tulivyooana. Tuna binti mmoja, hana virusi, mzima wa afya, ana mdomo wangu na ukimya wa baba yake, na anachagua mwenyewe atumie upi na wakati gani.

Kliniki hiyo hiyo ndiyo iliyompima mume wangu na kumkuta na kitu cha pili: homa ya ini, ile wanayoiita B. Mimi sikuwa nayo, nikachanjwa. Binti naye alichanjwa. Tulielezwa vizuri sana, tena kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba virusi vya aina hizo mbili vikikaa ndani ya mtu mmoja, ini linachoka haraka kuliko kawaida, na ini likichoka linaweza kuota saratani huku mwenyewe anakula, anacheka, anachomelea mageti, hajui. Bahati ni kwamba kidonge anachomeza kila siku kwa ajili ya VVU kinavibana na vile vya ini. Kwa hiyo asikiruke kidonge, na kila baada ya miezi sita aje ini liangaliwe kwa ultrasaundi.

Kidonge hakukiruka. Tunameza pamoja baada ya taarifa ya habari, kikombe kimoja cha maji, yeye anaanza, mimi namalizia. Lakini ultrasaundi! Tarehe ikifika, kuna geti la mtu. Ikifika nyingine, kuna madirisha ya mchungaji. Safari hiyo nikaona huu sasa ni mchezo. Nilimfuata kwenye kibanda chake cha kazi, nikazima umeme kwenye swichi, nikasimama pale nimeshika kiuno mpaka alipovaa viatu.

Aliyempima alikuwa daktari wa kike, kijana, mchangamfu. Alikuwa anamuuliza habari za bei ya mageti huku anampaka ile jeli ya baridi tumboni. Halafu akanyamaza. Kile kifaa chake kikapita chini ya mbavu, kikarudi, kikapita tena pale pale, kikasimama. Mimi ni mwalimu. Mtoto akirudia mstari ule ule najua amekutana na neno asilolijua.

"Kuna kitu hapa," daktari akasema. "Ni kidogo. Kinaweza kuwa si chochote, na kinaweza kuwa kitu. Nataka mwende hospitali kubwa mjini, apigwe siti skani, na msichelewe."

Kisha akaanza kuuliza maswali. Pombe? Hanywi. Dawa za kienyeji? Hapana. Chakula? Nikajibu mimi, tena kwa majivuno, kwamba mume wangu anakula vizuri, mlenda wa karanga, mchicha wa karanga, uji wa karanga. "Karanga mnanunua?" akauliza. Nikasema hatununui, mama mkwe anatuletea ndoo nzima, tena zimeshatwangwa. "Anatwanga zipi?" Hapo nikashindwa kujibu, maana nilijua anatwanga zipi.

Huku kwetu kila mkulima wa karanga anajua. Zikishamenywa, kina mama wanakaa na nyungo kuzichambua. Zile nono zinazong'aa ni za mnunuzi. Zinazofuatia ni za mbegu. Zinazobaki, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota ukungu kwa kuanikwa vibaya, hizo ndizo za nyumbani. Hakuna anayeona aibu. Ndiyo akili ya kulima: kizuri kinauzwa, kinachobaki kinatwangwa, na kikishatwangwa nani atajua kilikuwa na sura gani? Mama mkwe alikuwa anajua mwanawe anaishi na virusi, anajua anahitaji nguvu, na hana kingine cha kumpa. Kila akipata mtu anayekuja mjini, anampa ndoo.

Daktari akatuambia ule ukungu una sumu, inaitwa sumukuvu. Haiondoki kwa kuosha, haiondoki kwa kuchemsha, na mtu mwenye homa ya ini inamharakishia saratani mara nyingi kuliko mwingine. Alituambia kwa upole, hakutulaumu. Mume wangu alikuwa anafunga vifungo vya shati. Akamshukuru daktari kwa adabu zote, akaaga, tukatoka. Tulipofika nje kwenye kivuli cha ukuta akasema, "Huko kwenye hiyo mashine siendi."

"Kwa nini huendi?"

"Baba," akasema.

Baba yake alikufa kabla sijaolewa, lakini habari zake nilizipokea pamoja na ndoa. Alianza na macho ya manjano, akakonda mikono na miguu, tumbo likajaa. Ukoo ukasema amelishwa sumu kwenye pombe. Mpaka walipomfikisha hospitali ilikuwa ni kwenda na kurudi, na alirudi amelazwa nyuma ya pikapu. Tangu hapo katika ukoo wao ini si kiungo cha mwili, ni hukumu. Ukishasikia ini, unaanza kugawa mbuzi.

Mume wangu hana mbuzi. Akaanza kugawa vifaa. Jioni ile ile niliiona grinda yake ya kukatia chuma kwa fundi jirani. Kesho yake nikaitafuta ngazi, sikuiona. Nikamuuliza. "Nimempa," akasema, "atanikumbuka nayo." Jamani! Nilipandisha hasira. Nilimwambia umekaa na VVU miaka yote hii, umevimudu, umenioa mimi mwenye mdomo huu na umenimudu, leo unajitoa kwa sababu ya doa kwenye kioo cha daktari? Nilimwambia ngazi itarudi hata kama nitaifuata mwenyewe na kuibeba kichwani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema taratibu, "Mama yangu usimwambie. Alishazika mmoja wa hivi."

Sikumwahidi. Nilinyamaza tu, na anayenijua akiniona nimenyamaza anapaswa kuanza kuogopa.

Jumamosi nikamwambia nakwenda kusuka. Badala yake nikaenda Chamwino, na kutoka hapo nikakodi bodaboda mpaka kijijini kwa mama mkwe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitaanza na salamu, nitauliza hali ya mvua, nitafika polepole kwenye jambo. Kwa mkwe hakuingiwi na mambo mikononi kama mgambo. Nikafika, nikamkuta uani na ungo mapajani, mafungu yake matatu ya karanga mbele yake juu ya turubai. Fungu la nyumbani ndilo lililokuwa karibu na mguu wake, jeusi jeusi, na ndoo imesimama kando tayari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbukwa." Huwa ananisalimia na kwa Kigogo juu yake, kunikumbusha kwamba mimi ni wa kuja, kwetu ni Kondoa. "Mbona peke yako? Mwanangu hajambo?"

Mipango yangu yote ikaruka. "Mama, hizo karanga zisitwangwe."

Akasimamisha ungo. "Eti?"

"Zina sumu. Daktari kasema. Hizo za ukungu, hizo zilizosinyaa. Zisiliwe kabisa."

"Umetoka Msalato kuja kunifundisha kula?" Sauti yake haikupanda, na ndiyo iliyonitisha. "Watoto wangu wote nimewalea na hizi. Mumeo unayemfaidi wewe kakua na hizi. Ninyi wa Kondoa mnakula za dukani?"

"Mama, tusiliwe hata za—" Nikaanza kujikanyaga. "Hata kuku wasipewe, mama."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

Sijui kwa nini hilo ndilo lililompata. Akaziangalia karanga, akawaangalia kuku wake waliokuwa wanazunguka turubai wakisubiri. Mkulima anaweza kubishana na daktari kuhusu tumbo lake mwenyewe, lakini kuku ni mali. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Wewe umekuja kwa ajili gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: homa ya ini, doa, mashine ya mjini, grinda, ngazi. Nilimwambia na kwamba mwanawe alinikataza kumwambia. Alisikiliza huku ameshika ukingo wa ungo kwa mikono miwili.

"Ini," akasema.

"Ini, mama. Lakini kitu chenyewe ni kidogo, na hajavimba, macho yake meupe, anafanya kazi. Daktari anasema tusichelewe. Yeye hataki kwenda. Mimi nimeshindwa. Hanisikii."

Mama mkwe akainuka. Akalikusanya lile fungu la nyumbani kwenye ungo, punje moja moja iliyoponyoka akaiokota, akaenda nalo nyuma mpaka chooni, nikasikia likimwagwa. Aliporudi hakurudi kwenye karanga. Akaingia ndani. Nikabaki nimesimama uani na kuku, sijui kama nimefukuzwa au nimekaribishwa. Mwishowe akasema kutoka ndani, "Nenda nyumbani. Usimwambie umekuja."

Kesho yake ilikuwa Jumapili na mume wangu alikuwa kazini, maana geti la mtu halijui Jumapili. Bodaboda ikasimama mbele ya kibanda. Nani anashuka? Mama yake, amevaa kitenge cha kanisani, kilemba, viatu vya kufunika, mkoba kwapani. Mimi nilikuwa mlangoni pa nyumba, hatua chache tu, na kwa furaha nikashika mlango.

"Zima hiyo," akamwambia.

Akazima. Akavua miwani ya kazi. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Vaa shati safi. Kesho asubuhi tunakwenda kwenye mashine, nami leo nalala hapa ili usinikimbie."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama paa. "Mama, nina kazi ya mtu," akasema.

"Mtu gani? Nilikuzaa hajawa hata na kiwanja." Akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia katikati ya vyuma. Halafu akasema maneno ambayo mwanawe hakuwahi kuyasikia. "Baba yako nilimwambia twende hospitali akiwa bado anatembea. Akasema ngoja amalize palizi. Akamaliza palizi, akasema ngoja avune. Mimi nikamwachia, kwa kuwa ni mume. Alipokufa wakasema amelishwa, nami nikaitikia, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kusema tulichelewa. Wewe sikuachii. Wewe si mume wangu. Vaa shati."

Akavaa shati. Siku ya kwenda hospitali ilikuwa haijafika, lakini akavaa.

Siti skani walimpiga, na baada ya siku kadhaa za kusubiri, ambazo sizielezi kwa kuwa nilizimaliza kwa kufokea watoto wa watu wasio na kosa, tukaitwa kupokea majibu. Tulikuwa watatu mbele ya daktari bingwa, mzee wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mama mkwe alikaa kiti cha katikati. Hakuna aliyemwambia akae hapo.

Daktari akasema, "Ni saratani."

Nilimwona mume wangu akiinama, na mkono wa mama yake ukaenda juu ya goti lake ukabaki hapo. Mimi nilikuwa namtazama daktari mdomoni, kwa sababu nilisikia kwamba sentensi bado haijaisha. Akasema uvimbe ni mmoja. Ni mdogo. Uko pembeni ya ini, haujagusa mshipa mkubwa, haujasambaa popote. Ini lililobaki lina nguvu, na hilo ni kwa sababu amemeza dawa zake bila kuruka, virusi vimelala vyote. Akasema wengi wanaomfikia huja matumbo yameshajaa, na hao hana cha kuwafanyia zaidi ya kuwapunguzia maumivu. "Wewe nitakuandikia kwenda kufanyiwa upasuaji," akasema. "Huu tumeuwahi. Unakatwa, unatoka."

"Unatoka?" mama mkwe akauliza.

"Unatoka, mama."

Nilijitahidi. Naapa nilijitahidi mpaka nje ya mlango. Lakini tulipofika koridoni, mlango ukafungwa nyuma yetu, kitu kikanipanda kutoka miguuni kikatokea mdomoni. Nilipiga vigelegele mpaka muuguzi akaangusha treyi. Watu waliokuwa kwenye mabenchi wakageuka wote. Mzee mmoja mwenye bandeji ya kichwa akanipa mkono, "Hongera mama, wa kike au wa kiume?" Nikamjibu, "Mdogo, baba! Ni mdogo!" Akasema, "Wote huanza wadogo, Mungu amkuze." Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, na mimi nikadhani analia. Kumbe anacheka. Tangu siku ya ile ultrasaundi nilikuwa sijamwona akicheka, na sasa alikuwa anacheka mpaka ameshika mbavu, zile zile. "Mungu asimkuze," alikuwa anasema. "Mwambie mzee, asimkuze!" Mama mkwe akatushika mikono wote wawili akatutoa nje, akisema tumemwaibisha mjini asikojulikana, lakini yeye mwenyewe machozi yalikuwa yamemlowesha mpaka shingoni.

Jioni ile fundi jirani alileta ngazi na grinda bila kuombwa. Alisema alikuwa anavitunza tu.

Tulikwenda Dar es Salaam kwa treni ya umeme. Ilikuwa mara yetu ya kwanza sote, na mama mkwe, aliyekataa katakata kubaki, alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama anayeendesha yeye. Ilipoanza kukimbia akaniuliza, "Huku wanakimbilia nini?" Nikamwambia, "Wanatuwahisha, mama." Akaridhika, akaachia kiti. Mume wangu alikuwa dirishani anatazama mageti ya watu na kukosoa.

Upasuaji wenyewe sina cha kuusimulia, maana sikuwemo. Nilikuwa nje nimekaa na mama yake, na yule mwanamke hakunywa hata maji. Nilimwogopa na nikampenda kwa pamoja. Daktari wa upasuaji alipotoka na kofia yake ya kijani, alituambia wameutoa uvimbe wote na kipande cha ini pembeni yake. Nikauliza sasa ataishije na ini pungufu. Akatabasamu, akasema ini ni kiungo cha ajabu, ukilikata na lililobaki likiwa lina nguvu, linajikuza lenyewe mpaka linakaribia ukubwa wake wa zamani. Linaota! Mimi nilikuwa sijui. Nimesoma, nimefundisha sehemu za mwili kwa picha ukutani, nimewaimbisha watoto kichwa na mabega, na sikujua kwamba mtu anatembea na kitu ndani yake kinachokatwa kikaota tena. Nikafungua mdomo. Muuguzi wa zamu akanitolea macho, nikaufunga.

Sisemi kwamba mambo yamekwisha. Tuliambiwa wazi kwamba saratani ya namna hii inaweza kurudi, kwa hiyo kuangaliwa ni lazima, mara nyingi mwanzoni, na kidonge ni kila siku maisha yote. Alipona polepole. Kuna siku alikuwa anakaa kibandani anatazama tu wenzake wakichomelea, ana hasira ya kuona mtu anakunja nondo vibaya. Lakini kipimo cha kwanza baada ya upasuaji kilipotoka safi, na yule daktari kijana wa kike akatuonyesha kwenye kioo jinsi ini lilivyoanza kujaa pale lilipokatwa, mume wangu hakungoja Jumatano. Alisema hapo hapo, tukiwa bado tunashuka ngazi za hospitali, "Jumapili twende kwa mama. Wapigie na wadogo zangu waje."

Wakaja wote, wanaume watatu wenye familia zao, mmoja kutoka Bahi anakolima mpunga. Tulipomaliza kula, wakiwa wamekaa uani, yeye akasimama. Mtu ambaye alikutana nami amejificha chini ya kofia akafungua vifungo vya shati mbele ya ndugu zake akaonyesha kovu, refu, limepinda kufuata mbavu.

"Hapa ndipo walipoingilia," akasema. "Wameutoa uvimbe. Mimi niko hapa, nimekula, nimeshiba. Nataka mwende mkapimwe homa ya ini, na wake zenu, na watoto wasiochanjwa wachanjwe."

Mdogo wake wa Bahi akasema, "Kaka, lakini baba alilishwa."

"Baba alikuwa na ini bovu," mume wangu akasema, "na hakuna aliyeliangalia." Akawaeleza jinsi tulivyoelezwa, moja baada ya jingine, na mimi nikashangaa alivyokuwa amesikiliza kila kitu siku zote zile alizokuwa anafunga vifungo. Akawaambia kirusi chenyewe unakipata kwa damu, kwa wembe wa kuchangia, kwa kukutana na mwenye nacho. "Na wengi," akasema, "tunakipata siku ya kuzaliwa, kutoka kwa mama."

Alipolisema akasikia alichokisema. Akaanza kufunga shati, akakosea tundu la kwanza. Wadogo zake wakatazama chini. Hakuna aliyetaka kugeuka upande aliokuwa amekaa mama yao.

Mama mkwe aliweka sahani chini. "Kwa hiyo huenda nilikupa mimi," akasema.

"Mama, hakuna anayejua. Huenda ni utotoni tu, huenda—"

"Sijauliza." Akasimama, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akawatazama wanawe wanne mmoja mmoja, kutoka mkubwa mpaka mdogo. "Kesho tunakwenda wote. Na atakayetangulia kutoa mkono ni mimi."

Akaanza kukunja mkono wa gauni pale pale uani.